Kilo zetu si kichekesho: namna tunataka vituo vya afya vizungumze nasi juu ya uzito

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Kadutu, Bagira na Ibanda, mjini Bukavu



Tunajua kuna waliosema huko nje: "Leo hawa vijana wamepotea njia. Maji hakuna, barabara ni mashimo matupu, umeme ni wa kubahatisha, halafu wao wanakuja kutuambia juu ya unene?" Ni swali la haki, na tunalijibu kwanza.

Haki ya afya iko ndani ya Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 47. Kifungu kile kile kinataja pia usalama wa chakula. Kwa wengi wetu, mlango wa kwanza wa haki hiyo ni kituo cha afya cha mtaa: benchi la mbao, fishi ya karatasi, na munganga mmoja anayefanya kazi ya watu watano. Hospitali kubwa inakuja nyuma sana. Maneno yanayosemwa ndani ya mlango ule, na sauti inayoyasema, ndiyo yanaamua kama mama yako atarudi tena ama atabaki nyumbani na ugonjwa wake. Ndiyo maana leo tunazungumza juu ya kilo.

Tena tuseme wazi tangu mwanzo: hatukuja kumwambia mtu yeyote apunguze mwili. Mwili ni wa mwenyewe. Tumekuja kuzungumza juu ya kazi ya kituo cha afya, na juu ya heshima ambayo kila raia anaidai anapoketi mbele ya munganga.

Mambo matatu tunayoyasikia

Ukiwauliza watu wa mitaa yetu namna wanavyozungumziwa juu ya uzito, majibu yanarudi kwenye mambo matatu.

La kwanza ni kunyamaza. Mtu anafika na tansio ya 170 kwa 100. Anapewa vidonge, anaambiwa "punguza chumvi", anaenda. Hakuna aliyempima kilo. Hakuna aliyemuuliza anakulaka nini, analalaka saa ngapi, anatembeaka ama anashinda ameketi kwenye meza yake ya biashara. Uzito wake uko pale mbele ya macho ya wote wawili, na wote wawili wanajifanya hawauoni.

La pili ni kicheko. "Mama, hii mizani itavunjika!" Benchi lote linacheka. Mama naye anacheka, juu hana njia nyingine ya kuficha haya yake. Tena kuna wale wanaoona kila ugonjwa unatoka kwa unene: umekuja na goti lililoanguka kwenye ngazi, unaambiwa "ni kilo", umekuja na homa, unaambiwa "ni kilo". Goti halikuguswa, homa haikupimwa.

La tatu ni amri isiyowezekana. "Acha bugali. Kula samaki mbichi, matunda, saladi. Fanya sport." Halafu, "mwingine aingie!" Mama anayeamka saa kumi ya usiku ili apate bidhaa ya kuuza, anayepika chungu kimoja kwa watu tisa, atapika saladi yake peke yake pembeni? Amri ya namna hiyo inamrudisha mtu nyumbani na deni la aibu, na hakuna kinachobadilika kwenye chungu.

Kuna mama mmoja, muuza unga. Alikuwa anakunywa dawa za tansio kila siku bila kukosa. Siku moja, katika kituo ambacho hatutakitaja jina, alichekwa juu ya mwili wake mbele ya majirani zake. Hakurudi tena. Dawa zikaisha, miezi ikapita. Leo mkono wake wa kuume haunyanyuki tena, na binti yake ameacha masomo ili asimame kwenye meza ya unga. Hatusemi kwamba kicheko ndicho kilileta kupooza. Tunasema kicheko kilifunga mlango ambao dawa zilikuwa zinapitia. Hiyo peke yake inatosha kutufanya tukusanyike hapa.

Juu ya nini iko hivi?

Tusiwarushie wanganga mawe yote. Tuangalie namna kazi yao ilivyojengwa.

Vituo vyetu vya afya vilipangwa kwa ajili ya malaria, kuzalisha, chanjo na njaa ya watoto. Na haikuwa bure. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa chini ya miaka 5 nchini, 43 walikuwa wamedumaa kwa sababu ya utapiamlo wa muda mrefu. Ndiyo maana ukienda kwenye kupima watoto, utakuta mizani ya kuning'iniza na ile kamba ya rangi ya kupimia mkono. Mama mjamzito naye anapimwa kilo. Lakini baba wa miaka 50? Dada wa miaka 28 asiye na mimba? Katika vituo vingi hakuna anayewapandisha kwenye mizani. Fishi yao haina hata nafasi ya kuandika urefu.

Halafu kuna mkubwa wa kituo, yule tunayemwita IT. Asubuhi anapima wagonjwa, mchana anajaza ripoti za zoni ya afya, usiku anaitwa kuzalisha. Mshahara wa serikali ama haufiki, ama unafika mdogo. Katika shule alisomea uunguzi wa jeraha na homa. Nani alimfundisha namna ya kumwambia mtu mzima, mwenye watoto na heshima zake, kwamba kilo zake zinatisha moyo wake, bila kumwangusha?

Na kuna sisi wenyewe. Hapa kwetu mtu akinenepa tunamwambia "Maisha inakuendea muzuri!" Mwanaume mwenye tumbo tunamwita "patron". Bibi-harusi akikonda miezi sita nyuma ya ndoa, familia inauliza kama mume anamlisha. Na mtu akikonda kwa ghafula, mtaa unanong'ona jina la ugonjwa. Kwa hiyo munganga anayemwambia mama "punguza kilo", masikioni mwa mama inaingia hivi: "uonekane fukara, uonekane mgonjwa". Asiyejua hilo, hata aseme kwa sauti ya asali, hatasikilizwa.

Ukweli kuhusu uzito, bila kutishana

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2022 mtu mmoja kati ya 8 duniani aliishi na unene wa kupindukia. Watu wazima bilioni 2,5 walikuwa na uzito uliozidi, na ndani yao milioni 890 walikuwa kwenye unene huo. Sio jambo la Ulaya na Marekani tu. Miji ya Afrika inaingia humo haraka, hata pale ambapo njaa haijatoka. Katika nyumba moja unaweza kukuta mtoto aliyedumaa na mama mwenye kilo nyingi. Wote wawili wanakula chakula kile kile: kinachojaza tumbo, lakini hakina protini na mboga za kutosha.

Wanganga wanatumia hesabu moja wanayoiita IMC. Unachukua kilo zako, unagawanya kwa urefu wako wa mita uliouzidisha kwa wenyewe. Mtu wa kilo 80 mwenye urefu wa mita 1,60: 1,60 mara 1,60 ni 2,56, 80 gawanya kwa 2,56 ni karibu 31. Chini ya 18,5 ni wembamba unaohitaji kuangaliwa. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi. Kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Hesabu hii ni ya kuanzia mazungumzo. Haitoshi kumhukumu mtu. Haijui kama kilo hizo ni misuli ya mbeba mizigo ama ni mafuta ya tumboni. Ndiyo maana inafaa kupima na kiuno. Kanuni rahisi: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 160 aangalie kiuno chake kibaki chini ya 80. Kwa hilo hauhitaji mashine. Utepe wa fundi wa nguo unatosha.

Mafuta ya tumboni yanapandisha tansio, yanaleta ugonjwa wa sukari wa watu wazima, yanachosha moyo na magoti. Lakini habari njema ni hii: haihitaji kukonda kama msichana wa kwenye picha za matangazo. Kupunguza kilo 5 kwa kila 100 kunaanza kusaidia tansio na sukari. Kwa yule wa kilo 80, ni kilo 4. Kilo nne! Hilo ni lengo la mtu wa kawaida.

Na tuache uongo kwamba unene ni ulafi tu. Kuna damu ya familia. Kuna usingizi mbovu na mawazo, na nani katika mashariki ya Kongo hana mawazo? Kuna dawa fulani zinazonenepesha. Kuna bei ya sokoni: mafuta, sukari na unga vinajaza tumbo la watoto kwa makuta machache kuliko samaki. Gramu moja ya mafuta inabeba kalori 9, gramu moja ya unga kalori 4. Chungu cha sombe kikielea mafuta, mtu anakula mara mbili bila kujua. Chupa ya sucré ya santilita 33 inaweza kubeba sukari karibu gramu 35, na sisi tunaimpa mgonjwa kama zawadi hospitalini. Kuna mpango wa mji: hakuna uwanja, hakuna pembeni ya barabara pa kutembea kwa miguu, na jioni usalama hautoshi kwa dada kutembea peke yake. Kumwambia "fanya sport" bila kuangalia hayo ni kumwambia aruke ukuta.

Dawa za kunenepesha: hapa tunapiga kelele

Wadada, hapa tusikilizane vizuri. Wakati kituo cha afya kinanyamaza juu ya uzito, mtu mwingine anasema: muuza dawa wa barabarani. Anauza vidonge vya "kuongeza mwili", vya "kuleta nyonga", bila karatasi ya munganga, mara nyingine vimefungwa kwenye sashe bila jina.

Mara nyingi ndani yake kuna vitu viwili. Cha kwanza ni deksametazoni. Ni dawa ya kweli, inaokoa watu hospitalini, lakini ina mahali pake. Ukiimeza miezi bila kuangaliwa, uso unavimba, tansio na sukari vinapanda, mifupa inadhoofika, mwili unapoteza nguvu ya kupigana na magonjwa. Cha pili ni siproheptadini, dawa ya mzio inayofungua hamu ya kula na kuleta usingizi.

Na hapa kuna hatari ambayo wengi hawaijui: ukishazoea deksametazoni kwa muda mrefu, kuiacha siku moja kwa ghafula kunaweza kukuangusha, juu mwili umesahau kutengeneza homoni yake wenyewe. Kwa hiyo anayeitumia asiitupe leo usiku kwa sababu ya maneno yetu. Aende kwa munganga, amwambie ukweli, apunguziwe pole pole.

Lakini ataenda namna gani, kama anajua atatukanwa? Munaona sasa namna mambo yanashikana. Munganga asiyejua kuzungumza juu ya uzito hampotezi mwenye kilo nyingi peke yake. Anampoteza na yule anayetafuta kilo. Anampoteza na yule anayekonda bila kutaka, ambaye pengine ana kifua kikuu ama ugonjwa wa sukari, na anakaa nyumbani akiogopa macho ya watu.

Mazungumzo mazuri yanafanana na nini?

Tuseme mama wa miaka 45 amekuja kwa ajili ya kichwa kinachouma. Tansio imepimwa, iko juu. Mlango umefungwa, benchi la nje halisikii. Munganga anaanza hivi:

"Mama, asante kwa kufika. Tansio yako tutaitibu. Kuna jambo lingine linalogusa tansio, nalo ni uzito. Unaniruhusu tulizungumze leo, ama tuliache kwa siku nyingine?"

Ona vizuri: ameomba ruhusa. Mama anaweza kusema hapana, na dawa zake atapewa vile vile.

"Tuzungumze tu, munganga. Lakini usiniambie niache bugali, juu kwangu hakuna kingine."

"Sitakuambia hivyo, mama. Niambie kwanza: jana mulikula nini nyumbani?"

Mama anaeleza. Chai ya asubuhi yenye vijiko vinne vya sukari na mandazi mawili. Mchana hakuna kitu, alikuwa sokoni. Usiku bugali, sombe na mafuta mengi, sambaza kidogo. Munganga anasikiliza mpaka mwisho. Halafu anauliza:

"Katika hayo yote, wewe mwenyewe unaona ni kipi unaweza kubadilisha bila kuumiza nyumba?"

"Sukari ya chai, naweza kufikisha mbili. Na mafuta ya sombe, nipime kwa kijiko, nisimwage tu."

"Inatosha kwa kuanza. Sambaza uongeze ukipata, bugali upunguze kidogo, na lenga-lenga ijaze sahani. Kutoka sokoni, ile sehemu ya tambarare, unaweza kuteremka kwenye moto na kutembea?"

"Kama ni mchana, ndiyo."

"Basi tuandike. Rudi nyuma ya wiki nne, tupime tansio na kilo pamoja. Na kama kilo hazikushuka, urudi vile vile. Hakuna atakayekugombeza."

Dakika ngapi? Nne, tano. Hakuna mashine, hakuna dola kutoka nje. Kuna ruhusa, siri, kusikiliza, hatua moja ama mbili ambazo mama amezichagua mwenyewe, na siku ya kurudi. Tena munganga amezungumza juu ya tansio na magoti; hakusema hata neno moja juu ya umbo.

Kuna wanaosema: "Watu watakasirika ukiwagusia kilo." Huko Uingereza walijaribu. Matokeo yalitoka mwaka 2016 katika jarida la Lancet. Wagonjwa 1.882 wenye unene walikuwa wamekuja kwa waganga wao wa mtaa kwa mambo mengine. Mwisho wa kuonana, munganga alitumia kama sekunde 30. Nusu ya wagonjwa waliambiwa tu kwamba kupunguza uzito kutawasaidia. Nusu nyingine walipewa nafasi katika kikundi cha kusaidiana cha wiki 12, bila malipo, na wakapangiwa siku pale pale. Nyuma ya mwaka mmoja, waliopewa kikundi walikuwa wamepunguza kilo 2,4 kwa wastani. Walioambiwa tu, kilo 1. Na waliosema kwamba munganga hakufaa kuwagusia jambo hilo hawakufika hata mmoja kwa mia.

Uingereza si Bukavu, tunajua. Huku hatuna vikundi vya kulipiwa na serikali. Lakini somo linavuka mpaka: watu hawakukataa kuzungumziwa, na maneno yenye msaada nyuma yake yalizaa kuliko maneno matupu. Na vikundi, jamani, sisi tunavyo! Likelemba, vyama vya wamama wa soko, kwaya, vikundi vya kukimbia asubuhi barabarani. Mama aliye na likelemba ya makuta anaweza kuwa na likelemba ya kutembea.

Tunayoyadai

Tangazo la Alma-Ata la mwaka 1978, lililoweka msingi wa afya ya mtaani duniani, linasema raia wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga huduma zao. Nchi yetu ina zoni za afya zaidi ya 500, na kila eneo la afya linapaswa kuwa na CODESA, kamati ya raia inayokaa pamoja na kituo. Hatuombi ruhusa ya kusema. Tuko ndani ya haki yetu. Basi tunadai haya:

1. Kila kituo cha afya kiwe na mizani ya watu wazima inayofanya kazi, kipimo cha urefu, utepe wa kiuno, na kitambaa cha kupimia tansio kinachoenea mkono mnene. Kitambaa kidogo kwenye mkono mkubwa kinadanganya: kinaonyesha tansio ya juu kuliko ile ya kweli.

2. Mtu apimwe pembeni, si mbele ya benchi. Kama hakuna chumba, pazia ya kitenge inatosha. Kilo ziandikwe kwenye fishi, zisitangazwe kwa sauti.

3. Zoni za afya ziingize mazungumzo juu ya uzito katika mafunzo ya wanganga na ya RECO wanaopita nyumba kwa nyumba. Wafundishwe kwa vyakula vyetu: bugali, sombe, maharagi, ndagala, matembele. Karatasi za saladi za nchi za watu zibaki huko zilikotoka.

4. Wanganga walipwe. Hatuwezi kumdai mtu dakika tano za upole wakati yeye mwenyewe hajui watoto wake watakula nini jioni. Dai hili ni letu pamoja nao.

5. Wakaguzi wa dawa wafanye kazi yao juu ya vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila karatasi. Wasikamate tu yule mdogo wa barabarani. Wafuate njia mpaka kwenye depo kubwa.

6. Mji utupe mahali pa kutembea: pembeni za barabara, taa, viwanja ambavyo havijauzwa. Hiyo pia ni dawa ya tansio.

Kuna atakayetuambia: "Nchi yenye njaa na vita haina nafasi ya haya." Tunamjibu hivi. Tansio na sukari havingoji vita iishe. Mtu aliyekimbia makombora akafika kambini, anabeba na tansio yake. Tena dawa za kumtunza aliyepooza, miaka kumi kitandani, zinakula makuta ya familia kuliko utepe wa fundi na kijiko cha kupimia mafuta. Maskini ndiye asiyeweza kulipia kuchelewa.

Na sisi, tutafanya nini?

Tusidai tu kwa wengine. Wiki hii, kila mmoja wetu achague.

Uliza ni lini CODESA ya eneo lako itakutana, uende, uketi, useme juu ya pazia na mizani. Kama haikutani, andika jina la eneo utuletee. Tutaenda pamoja kwa IT, kwa heshima, na barua mkononi.

Msindikize mama yako ama baba yako kupima tansio. Ikifika 140 kwa 90 ama zaidi, arudie kupimwa siku nyingine. Ikibaki pale, aanze kufuatiliwa. Mkifika huko, na munganga akasema neno la kuangusha, jibu kwa utulivu: "Munganga, tumekuja kutafuta msaada. Tuelezee tunavyoweza kufanya." Usimtukane. Kesho utamhitaji, naye anakuhitaji ili kituo kisimame.

Mama mjamzito asiingie katika rejime ya kukonda. Mtoto mdogo pia, asinyimwe chakula kwa sababu jirani amesema amenenepa. Hao wanaangaliwa na munganga kwa namna yao.

Na yale majina ya utani tuyaache: "mutungi", "tembo", na upande wa pili "mukondo", "mifupa". Ni sisi vijana tunayatengeneza kwenye makundi ya simu. Kila jina ni mtu mmoja ambaye kesho ataogopa kupanda mizani.

Wandugu, wadada. Nchi hii imetuzoesha kupokea kila huduma kama zawadi: nyamaza, chukua, sema asante. Sisi tunasema kituo cha afya ni mali yetu, na munganga ni ndugu yetu aliyewekwa pale kwa ajili yetu. Tutamtetea apate mshahara wake, naye atufungie pazia, aketi, atuulize kwanza: "Unaniruhusu tuzungumze?"

Mkutano wa kwanza na CODESA za Kadutu tutautangaza hapa hapa kwenye ukurasa huu. Muje na wazazi wenu, na yeyote aliye na utepe wa fundi aulete.

Afya ni haki, heshima ni dawa. Tuendelee pamoja!